Mpiga Gitaa wa Ziwa Letu: Lokua Kanza na Jazi ya Mseto



Muhula uliopita kijana mmoja wa kidato cha nne alinijia baada ya mazoezi ya chama chetu cha muziki, ameshika gitaa la shule. Gitaa hilo nyote mwalijua: lina nyuzi tano badala ya sita, na tumbo lake limezibwa ufa kwa gundi ya seremala. Akaniambia, "Mwalimu, samahani. Mimi sasa nimekwisha jua kupiga. Naona shule yanichelewesha. Nataka kwenda mjini nikatafute bendi."

Siku ile sikumjibu. Nilimwambia tu, "Mwanangu, nipe muda." Nilinyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza, kijana yule apiga vizuri kweli, wala si haki kumwambia mwenye kipaji kwamba hana. Ya pili, mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wa miaka 26 niliweka gitaa langu chini, nikidhani kwamba nimekwisha chelewa. Yeye aona yuko tayari mapema; mimi niliona muda umenipita. Basi mtu aliyekosa hesabu ya wakati wake mwenyewe, ampe mwenzake shauri gani?

Kwa hiyo nimeona afadhali niache kuhubiri, nitoe somo. Katika makala hii tutayachunguza maisha ya kazi ya mpiga gitaa mmoja aliyezaliwa kando ya ziwa letu hili, tuone alijifunza nini, wapi, na kwa muda gani. Mtu huyo ni Lokua Kanza.

1. Ziwa moja

Sisi wa Nyamyumba twaishi kaskazini ya Ziwa Kivu, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi. Wageni hutujia kwa ajili ya chemchemi za maji ya moto, na wengi wajua kiwanda cha bia kilichoko pwani. Jioni twaziona taa za Goma ng'ambo. Usiku huondoka wavuvi wa sambaza, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, nao hupiga makasia wakiimba: mmoja aanzisha, wengine wajibu.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 90 hivi. Mtu akilifuata kutoka kwetu kwenda kusini hata mwisho wake, atafika Bukavu, mji wa Kongo. Huko ndiko alikozaliwa Pascal Lokua Kanza, mwezi wa Aprili mwaka 1958, nchi ile ilipokuwa bado chini ya utawala wa Wabelgiji. Baba yake alikuwa Mmongo wa Kongo. Mama yake alikuwa Mnyarwanda. Yeye ni mzaliwa wa kwanza katika watoto wanane. Mwaka 1964 jamaa yake walihamia mji mkuu, ambao siku zile uliitwa Léopoldville, na tangu mwaka 1966 waitwa Kinshasa.

Tazameni basi mtoto huyu amebeba nini kabla hajashika gitaa. Ametoka mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya njiani, lugha ambayo nasi Rwanda tuliifanya mojawapo ya lugha rasmi mwaka 2017. Akaingia mji ambao lugha ya njiani ni Kilingala, na lugha ya shule ni Kifaransa. Nyumbani kwao ziko asili mbili. Watu wengine humwona mtoto wa namna hiyo kuwa na upungufu, kana kwamba si wa huku wala si wa huko. Tutaona kwamba kwake yeye jambo hilo lilikuwa akiba.

2. Jazi ni nini, na mseto wake ni nini?

Kabla ya kuendelea yafaa tufahamu maneno. Jazi ni muziki uliozaliwa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa watu weusi waliokuwa watoto na wajukuu wa watumwa. Santuri ya kwanza ya jazi ilitoka mwaka 1917. Mambo matatu hutambulisha muziki huo. La kwanza ni mapigo yanayoyumba, yasiyokwenda kama hatua za askari. La pili ni sauti nyingi zinazopigwa pamoja kwa mipango yenye utajiri. La tatu, na ndilo kubwa, ni kubuni papo hapo: mpigaji hupewa nafasi atunge wimbo palepale mbele ya watu, bila kutoka nje ya mpango waliopatana na wenzake.

Hapa sharti nionye. Katika nchi zetu neno hilo lilitumiwa kwa namna nyingine. Joseph Kabasele alianzisha bendi ya African Jazz katika Léopoldville mwaka 1953. Franco na wenzake wakaanzisha O.K. Jazz mwaka 1956. Na Tanganyika walikuwa na Morogoro Jazz. Bendi hizo zilikuwa hodari sana, lakini muziki wao ulikuwa hasa rumba na dansi. Jina la jazi lilikuwa kama kofia nzuri ya kisasa: lilimpendeza mvaaji, wala halikubadili kichwa chake.

Sasa tuje kwenye mseto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpiga tarumbeta Mmarekani, Miles Davis, alianza kuunganisha jazi na vyombo vya umeme na mapigo ya muziki wa vijana wa siku zile. Katika santuri yake iliyotoka mwaka 1970 alikuwamo mpiga gitaa Mwingereza, John McLaughlin, ambaye mwaka 1971 aliunda kundi lake mwenyewe, Mahavishnu Orchestra, na baadaye akapiga pamoja na Wahindi katika kundi liitwalo Shakti. Mwaka 1970 pia, Joe Zawinul wa Austria na Wayne Shorter wa Marekani walianzisha Weather Report. Muziki wa namna hii ndio ninaouita jazi ya mseto.

Nimechagua neno mseto kwa makusudi. Mpishi wa mseto wa mchele na choroko hatii vyote chunguni mara moja. Choroko ni ngumu. Huanza hiyo kupikwa peke yake mpaka ilainike, ndipo mchele hutiwa. Akivitia pamoja, mchele utavurugika na choroko itabaki mbichi. Yashikeni maneno haya, kwa kuwa nitayarudia.

3. Somo dogo la vitendo

Mambo ya muziki hayafahamiki kwa macho tu. Tafadhali fanyeni majaribio mawili.

Jaribio la kwanza ni la mapigo. Hesabu polepole moja hadi sita, kisha rudia bila kusimama. Mkono wa kushoto upige meza katika moja na nne. Mkono wa kulia upige katika moja, tatu na tano. Utaona kwamba mkono mmoja wapiga mara mbili na mwingine mara tatu ndani ya muda ule ule, nao hukutana katika moja tu. Muziki mwingi wa Afrika umejengwa juu ya ubishi huu wa mbili na tatu. Mtu aliyeuzoea tangu utotoni haoni taabu. Lakini wako wapigaji wakubwa wa Ulaya ambao huhitaji miezi kuupata.

Jaribio la pili ni la sauti. Gitaa lenye nyuzi zote sita, kuanzia uzi mnene, hufungwa hivi: Mi, La, Re, Sol, Si, Mi. Mtu akianza kujifunza hufundishwa kupiga sauti tatu pamoja, mathalani Do-Mi-Sol. Nyimbo nyingi za kanisani na za rumba zaweza kupigwa kwa mafungu matatu ya namna hiyo. Mpiga jazi huongeza sauti ya nne. Badala ya Do-Mi-Sol hupiga Do-Mi-Sol-Si. Sasa jaribuni mwendo huu, ambao wapiga jazi waupenda kuliko wote:

Re-Fa-La-Do, kisha Sol-Si-Re-Fa, kisha Do-Mi-Sol-Si.

Msipokuwa na gitaa, gawanyeni darasa katika makundi manne, kila kundi liimbe sauti moja. Fungu la kwanza laanza safari, la pili lawatia hamu ya kufika, na la tatu ni nyumbani. Lakini hata nyumbani, ile Si iliyoongezwa huacha mlango wazi kidogo, kana kwamba bado kuna habari ya kuelezwa. Huo ndio ladha ya jazi.

Mapigo ya jaribio la kwanza Lokua Kanza alikua nayo Afrika. Sauti za jaribio la pili alikwenda kuzisoma kwa mwalimu. Hebu tuone jinsi alivyofika huko.

4. Ngazi za kazi yake

Ngazi ya kwanza: kwaya. Alipokuwa mtoto aliimba kanisani. Mtu asidharau jambo hili. Katika kwaya mtu hujifunza kusikiliza sauti ya jirani yake huku akishika ya kwake. Mwimbaji asiyeweza kufanya hivyo huivuruga kwaya nzima, hata awe na sauti tamu namna gani. Hata leo, mtu akizisikiliza santuri za Lokua atasikia sauti nyingi zimepangwa moja juu ya nyingine, kama kwaya ndogo.

Ngazi ya pili: Kinshasa. Mji huo ulikuwa umejaa rumba na magitaa. Kijana aliyekulia humo aliweza kusikia kila jioni mpiga solo akishindana na mpiga solo. Lokua alipiga katika bendi za mjini, akasomea muziki, akaingia pia katika Baleti ya Taifa, kundi lililokusanya ngoma na nyimbo za makabila mengi ya nchi ile, ambayo toka mwaka 1971 hata 1997 iliitwa Zaire. Fikirini faida yake: huku rumba ya mjini, kule ngoma za vijijini, na kwingine masomo ya kuandika na kusoma muziki.

Ngazi ya tatu: kumtumikia mwimbaji mwingine. Mnamo mwaka 1980 alikuwa mpiga gitaa wa Abeti Masikini, mwimbaji mashuhuri mzaliwa wa Kisangani, ambaye mwaka 1973 alikuwa amekwisha kuimba katika ukumbi wa Olympia, Paris. Mpiga gitaa wa mwimbaji mkuu husimama nyuma. Watu hawakumjia yeye. Kazi yake ni kumfanya mwenzake asikike vizuri. Akizidisha mapambo, ameharibu. Kwa kijana mwenye kipaji, shule hiyo ni ngumu kuliko zote, maana yafundisha kunyamaza.

Ngazi ya nne: Abidjan. Kutoka Kinshasa alikwenda Ivory Coast, akafanya kazi ya muziki katika mji wa Abidjan, ambao siku zile ulikuwa njia panda ya wanamuziki wa Afrika Magharibi na Kati. Hapo alikuwa mgeni, mbali na lugha zake na wasikilizaji wake.

Ngazi ya tano: dawati la shule. Hapa, wasomaji wapenzi, ndipo nilipotaka tufike. Mwaka 1984 Lokua Kanza alihamia Paris. Umri wake ulikuwa miaka 26. Alikuwa amekwisha kupiga katika bendi, amekwisha kusafiri na mwimbaji mkubwa, na amekwisha kula kwa jasho la nyuzi zake. Kwa hesabu ya kijana wetu wa kidato cha nne, mtu huyo alikuwa amehitimu mara tatu. Naye alifanya nini? Alijiandikisha katika CIM, shule ya jazi ya mjini Paris, akaketi mbele ya mpiga gitaa la jazi Mfaransa, Pierre Cullaz, akajifunza.

Nilipoijua habari hii kwa mara ya kwanza niliifunika redio, nikakaa kimya. Miaka 26! Umri ule ule nilioufunga mkoba wa gitaa langu nikasema, "Haya ni mambo ya vijana."

Ngazi ya sita: kazi za bega kwa bega. Katika Paris alipiga pamoja na watu wazima wa fani, akiwamo Ray Lema, mpiga kinanda wa Kongo, na Manu Dibango, mpiga saksofoni wa Kamerun, ambaye wimbo wake wa mwaka 1972 uliingia katika madansi ya dunia nzima, na ambaye alifariki mwaka 2020. Manu mwenyewe aliwahi kupiga na African Jazz ya Kabasele mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa Léopoldville. Basi mwaona jinsi nyuzi zinavyofumana: Mkamerun aliyejifunza rumba kwa Wakongo, anampokea Mkongo aliyekuja kujifunza jazi kwa Wafaransa.

Ngazi ya saba: jina lake mwenyewe. Mwaka 1992 alipanda jukwaa la Olympia, ukumbi ule ule wa Abeti, akifungua tamasha la Angélique Kidjo wa Benin. Mwaka 1993 ikatoka santuri yake ya kwanza, nayo haikuitwa kitu ila jina lake, "Lokua Kanza". Alikuwa na umri wa miaka 35 hivi. Hesabuni: toka gitaa la Abeti hata santuri yake mwenyewe ni miaka kama 13. Hiyo ndiyo choroko iliyokuwa ikichemka.

5. Mseto wake una nini?

Mtu aliyepita njia hizo zote angeweza kutia kila kitu chunguni: ngoma za Baleti, solo za Kinshasa, sauti nne za jazi, na mitambo ya Paris. Tena wakati ule muziki wa Kikongo uliokuwa ukipigwa Paris ulikuwa wa haraka na wa kishindo, wa kuchezesha watu mpaka alfajiri. Lokua Kanza alifanya kinyume. Alipunguza. Katika santuri ile wasikia gitaa lisilo na haraka, sauti yake nyembamba inayopanda juu, sauti za kuitikia, na mapigo machache. Nafasi kati ya sauti na sauti imeachwa wazi.

Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka mlikumbuke. Watu hudhani mseto ni kuongeza. Mseto mzuri hutokana na kujua cha kuacha. Na mtu hawezi kuacha asichokijua. Asiyejua sauti ya nne hakuiacha. Amekosa kuipata tu. Lakini yeye aliyeisoma, kisha akaitia mara moja tu katika wimbo, mahali panapostahili, huyo amechagua.

Lugha zake nazo ni za mseto. Huimba kwa Kilingala, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na hata kwa Kiingereza. Santuri yake ya pili, ya mwaka 1995, yaitwa "Wapi Yo", maana yake "Uko wapi wewe?". Msomaji wa Kiswahili alifahamu neno la kwanza bila msaada, sivyo? Neno "wapi" latumika katika Kilingala pia. Baadaye zikafuata "3" mwaka 1998, "Toyebi Te" mwaka 2002, yaani "Hatujui", "Plus vivant" mwaka 2005, "Nkolo" mwaka 2010, na "Moko" mwaka 2021, yaani "Moja". Ukihesabu miaka utaona kwamba hana pupa. Kati ya "Nkolo" na "Moko" ilipita miaka 11.

Je, yeye ni mpiga jazi hasa? Watu wa jazi watabishana. Wengine watasema ni mwimbaji mwenye gitaa, na jazi ni chumvi tu. Sina ugomvi nao. Lakini tazameni aliokaa nao. Mwaka 2004 alitoa santuri pamoja na Gerald Toto, mwimbaji wa Ufaransa mwenye asili ya Martinique, na Richard Bona wa Kamerun. Richard Bona ni mpiga gitaa la besi ambaye alipiga katika kundi la Joe Zawinul, yule yule wa Weather Report niliyemtaja juu, na baadaye pamoja na Pat Metheny, mpiga gitaa mkubwa wa jazi ya mseto wa Marekani. Watu watatu hao wakaketi pamoja, na tena hawakufanya kishindo. Waliimba kama ndugu waliokaa barazani baada ya chakula. Zaidi ya miaka 10 baadaye walikutana tena, wakatoa santuri ya pili, wakaiita "Bondeko". Kwa Kilingala, bondeko ni undugu.

Sisi wa pande za Kivu neno hilo lina uzito wake. Ziwa letu limeona watu wakilivuka kwa biashara na kwa arusi, na limeona watu wakilivuka kwa kukimbia. Mtu mwenye baba wa upande mmoja na mama wa upande wa pili hupata maswali ambayo wengine hawaulizwi. Lokua Kanza angeweza kuchagua upande na kuufunga mlango wa pili. Muziki wake haukufunga mlango. Hilo nalo ni somo, ingawa halimo katika nadharia ya Do na Re.

6. Jibu langu

Mwaka 2016 Lokua Kanza alikuwa mmoja wa waalimu katika mashindano ya waimbaji vijana ya The Voice, yaliyotangazwa katika televisheni kwa nchi za Afrika zinazosema Kifaransa. Aliyeketi mbele ya Pierre Cullaz sasa ameketi mbele ya vijana. Mzunguko umetimia.

Sasa nakujibu, kijana wangu. Wewe umesema umekwisha jua kupiga, nami nakubali wajua. Lakini mtu tuliyemsoma alijua kabla yako, akalipwa kwa kujua kwake, na bado alirudi dawatini. Hakurudi kwa sababu hakuwa na kipaji. Alirudi kwa sababu kipaji kilikuwa kimefika mahali ambapo bila elimu kisingeendelea mbele, ila kingezunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Sikukatazi kwenda mjini. Nakuuliza tu: utakapofika, utakuwa na nini cha kuchagua na cha kuacha? Maliza shule. Soma hesabu, maana mapigo ni hesabu. Soma lugha, maana mikataba huandikwa kwa lugha, na mwanamuziki asiyeusoma mkataba huimbia matumbo ya wengine. Jioni njoo tupige.

Nami najijibu mwenyewe. Sikuwa nimechelewa. Nilikosa uvumilivu, nikauita uzee. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi twapenda kuwaambia vijana maneno hayo. Lakini kukata tamaa mapema nako ni haraka.

Nilimpa kijana yule makala hii aisome kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Aliisoma yote amesimama. Kisha akasema, "Mwalimu, ule mwendo wa Re-Fa-La-Do, kwenye gitaa letu sauti ya juu haipo. Uzi wa Mi umekatika." Nikamwambia najua. Jumamosi tulikwenda Gisenyi pamoja, tukanunua uzi mmoja. Sasa gitaa la shule lina nyuzi sita, na siku ya Jumatano baada ya masomo mlango wa chumba cha muziki u wazi kwa kila atakaye.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yanayoitambulisha jazi. Kwa nini bendi iliyoitwa Jazz katika Afrika huenda isiwe ya jazi?

2. Andika sauti nne za kila fungu katika mwendo uliofundishwa hapa. Ni fungu lipi lililo kama nyumbani?

3. Piga mapigo mawili kwa mkono wa kushoto na matatu kwa mkono wa kulia. Mikono yako yakutana katika namba ipi?

4. Lokua Kanza alikuwa na umri gani alipoingia shule ya jazi Paris, na alipotoa santuri yake ya kwanza? Ilipita miaka mingapi katikati?

5. "Mtu hawezi kuacha asichokijua." Eleza maneno haya kwa mfano wa kazi nyingine unayoifahamu, kama vile useremala, upishi au uvuvi wa sambaza.